Mwaka wa Kusugua Mawe

Shangazi yangu, Bi Zuhura, alizikwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na siku ya tatu ya matanga Ndinda akaja. Aliingia kwa mlango wa nyuma kama mtu wa nyumbani, amejifunga leso mpya ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani, akavua viatu, akaketi mkekani pamoja na wanawake waliokuwa wakichagua mchele, naye akavuta ungo akaanza kuchagua. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi, ingawa kwa simu tulijuliana hali kila sikukuu, yake na yangu. Nywele zimeingia mvi, na siku hizi anafundisha chuo kikuu huko bara, ila kuketi kwake ni kule kule, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyoshwa. Baada ya chakula aliniomba nimpandishe juu akakione chumba chake cha zamani. Sasa kinawekwa masinia na viti vya plastiki vya shughuli. Alisimama katikati, akageuka huku na huku. “Mbona kimekuwa kidogo hivi?” akauliza. Nikamwambia chumba hakikupungua, sisi ndio tulioongezeka. Akacheka, kisha akaniambia kwamba watoto wake hawaamini kuwa Bi Zuhura aliwahi kuingia mtoni na buibui lake. “Wanasema natia chumvi. Wewe ndiye uliyekuwapo, Rukia. Andika wasome.” Basi naandika.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na saba, ukaingia wa tisini na nane. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kazi za maabara katika chuo cha ufundi, nimezunguka hospitali na viwanda na cheti changu ndani ya bahasha, nikarudi nacho vile vile. Ndipo nilipoona tangazo kwenye ubao wa chuo: mwanafunzi wa shahada ya pili anatafuta msaidizi wa mwaka mmoja, kazi ni ya mwani wa kijani wa mitoni. Mimi mwani niliokuwa nikiujua ni ule wa baharini, unaoletwa na maji ukaozea ufuoni. Nilikwenda kuonana na mwenye tangazo kwa udadisi zaidi ya haja. Nikamkuta msichana mrefu wa Kikamba, kanishinda miaka michache tu, amekalia sanduku la vifaa uani mwa chuo kwa sababu hana pa kuliweka. Alikuwa akitafuta msaidizi, na kwa siku ile alikuwa akitafuta chumba zaidi. Kijito alichopewa kukichunguza kilikuwa Kwale, ng’ambo ya kivuko cha Likoni, naye alitaka kuishi kisiwani, karibu na kivuko, mahali penye utulivu wa kutazamia sampuli zake. Shangazi alikuwa na chumba kitupu cha juu, pale Kibokoni, Mji wa Kale, nilikoishi naye, tangu fundi cherehani aliyekikodi ahamie kwa mkewe mpya. Jioni ile ile nikampeleka.

Chumba kilikuwa na kuta nene za mawe, chokaa imevimba kwa unyevu na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na dirisha moja la mbao lililofungukia kichochoro. Fundi alikuwa ameacha meza yake ya kukatia nguo, ndefu na nzito hata haikupita mlangoni, na juu ya meza hiyo Ndinda akaiweka hadubini yake, akaifunika kwa foronya. Kizingiti cha dirisha kikajaa chupa za jemu zenye maji ya mtoni na nyuzi za kijani. Kila asubuhi harufu ya aidini ya kuhifadhia sampuli ilishuka ngazi ikakutana na harufu ya mahamri yaliyokuwa yakipanda. Shangazi alivumilia wiki nzima, kisha akapanda na kikombe cha chai mkononi akasimama mbele ya chupa zile.

“Mwanangu, hichi n’kitu gani?”

“Ni mwani, Bi Zuhura. Mimea midogo sana. Huota kwenye mawe ya mtoni.”

“Lakini huu ni ukoga! Huu hasa ndio unaoota birikani mwangu bafuni. Mimi nausugua kwa brashi kila Alhamisi, nawe wautia chupani waupa dirisha?”

Ndinda akamwomba aketi, akamtengenezea hadubini. Shangazi akainama, akaziba jicho moja kwa kiganja. Ndani ya ute ule aliouita ukoga mlikuwa na nyuzi safi kama za kioo, na ndani ya kila uzi utepe wa kijani umejizungusha kama ngazi ya mnarani. “Subhanallah,” akasema. “Na huu wala nini?” Ndinda akamjibu kwamba unakula mwanga. Akanyanyuka, akasema ni vizuri, mpangaji asiyekula wali hana hasara, akashuka. Tangu siku hiyo hakulalamika tena, ila birika lake aliendelea kulisugua.

Kazi yetu, nikiieleza kwa ufupi, ilikuwa hivi. Kijito kilianzia msituni, kwenye miti mirefu ambako hata saa sita mchana hapana jua. Kikatoka kwenye ukingo wa msitu, kikapita mahali pa wazi ambapo wanawake wa kijiji walifua nguo, kisha kikaingia mashambani. Msituni mawe yalikuwa na ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, kijani hamna. Pale pa kufulia, mawe yalikuwa na nywele ndefu za kijani zilizolala kwa kufuata maji, na kwenye vidimbwi visivyokwenda zikaelea zile nyuzi zenye utepe, laini kama hariri. Swali ni kwa nini. Profesa aliyemsimamia Ndinda alikuwa na hakika kwamba ni sabuni: povu la nguo linaulisha mwani, basi unastawi. Ndinda alishuku kuwa ni jua. Lakini jua na sabuni vilianza mahali pamoja, maana wanawake nao hawapendi kufulia kizani, na hivyo mmoja hakuweza kumshinda mwingine. Kila mwezi tulivuka, tukachukua mawe yale yale matatu ya kila mahali, tukayasugua kwa mswaki, tukatia kilichotoka katika chupa. Profesa alitaka mwaka mzima bila pengo. Mwezi mmoja ukikosekana, alisema, kazi haina maana. Nakumbuka Ndinda akiyarudia maneno hayo huku akimenya mhogo jikoni, na Shangazi akisema mtu anayetaka mwaka bila pengo hajapata kuishi mwaka.

Walizoeana kwa chakula. Ndinda alikuja akiogopa pilipili na akiogopa zaidi kukaa chini kula kwa mkono na watu wazima. Baada ya miezi mitatu alikuwa akigombania na mimi kichwa cha samaki wa kupaka. Siku moja ya Jumapili, aliporudi kanisani, aliomba jiko akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akachemsha tangu adhuhuri mpaka jioni. Shangazi alikula, akasema ni kizuri, kisha akaongeza tui la nazi katika sufuria bila kuuliza, akasema sasa kimekuwa kizuri. Hivyo ndivyo kilivyopikwa nyumbani mwetu tangu siku ile, na nimesikia kwamba hata Machakos, kwa Ndinda, hupikwa na nazi.

Mwezi wa nane fujo zikazuka Likoni. Sitaeleza yote, kwa sababu waliofiwa wapo hai na wanayaeleza wenyewe. Niliyoyaona mimi ni ya upande wetu wa maji: moshi ng’ambo, watu wa bara wakivuka na magodoro vichwani, askari wamejaa kivukoni, na yale makaratasi yasiyo na jina yaliyookotwa asubuhi, yakiwaambia watu wa bara warudi kwao. Mji wa Kale haukuchomwa kitu, lakini sauti zilishuka. Watu waliokuwa wakizungumza barazani hadi isha walianza kuingia ndani mapema, na kila nilipopita na Ndinda kichochoroni maneno yalikatika, yakaanza tena tukishapita. Yeye aliacha kutoka. Alikaa juu na hadubini yake, akitazama sampuli alizokwisha kuzitazama.

Siku ya Jumatano akaja Bwana Abubakar, jirani yetu wa mlango wa pili, muuza vitambaa, mtu mpole aliyetulea sote kwa vijizawadi vya Idi. Alikaribishwa ukumbini. Mimi na Ndinda tulikuwa kwenye ngazi, tukasimama hapo hapo, na kila neno tulilisikia.

“Bi Zuhura, mimi sikuja kwa ubaya. Watu wanasema. Wewe ni mwanamke peke yako na mtoto wa kike. Wakija wahuni wakasikia hapa pana mtu wa bara, wataangalia nyumba ya nani? Mpe nauli, apande gari la moshi, aende kwao salama. Mambo yakitulia atarudi.”

Shangazi alimwachia amalize. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani.

“Abubakar, kahawa yako yapoa. Huyu ni mgeni wangu. Akitaka kutoka atatoka kwa miguu yake. Kwa miguu ya watu hatoki.”

“Nakuogopea wewe.”

“Najua. Na mimi naogopa. Lakini khofu yangu haijawa mwenye nyumba.”

Ndinda alipanda juu, akaanza kukunja nguo. Nilipomfuata aliniambia kwamba Bwana Abubakar amesema kweli, na kwamba hataki kuwa sababu ya nyumba ile kupatwa na jambo. Kisha akaketi juu ya sanduku na kusema, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, kwamba mwezi ule haujachukuliwa sampuli, kwa hivyo hata akibaki kazi imekwisha. Nikasema nitakwenda mimi. Sikuwa na ushujaa wowote. Mimi ni mtu wa hapa, jina langu na buibui langu vilinitosha kuwa cheti. Binamu yangu Twalib alikuwa akipeleka soda Kwale kwa pikapu, na tangu njia ifunguliwe alikuwa amekwisha kwenda na kurudi.

Shangazi alikataa. Tuligombana jikoni, na ni mara ya pekee maishani aliponyanyua mwiko juu yangu. Akasema hawezi kumruhusu binti aende msituni katika siku kama zile kwa ajili ya ukoga. Nikamwambia si kwa ajili ya ukoga, ni kwa ajili ya Ndinda. Akageuka akakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. Asubuhi yake nilimkuta amevaa buibui, kikapu cha mahamri mkononi, anapiga hodi kwa Bwana Abubakar. “Mimi nakwenda Kwale,” akamwambia. “Wewe uliyeniletea khofu ndiye utakayenilindia mlango.” Sikumwona Bwana Abubakar akijibu, lakini Ndinda alinieleza baadaye kwamba duka lake siku hiyo halikufunguliwa. Aliketi barazani kwetu na tasbihi yake tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi, na kila aliyepita akamsalimu akajibiwa, ila hakukaribishwa kuketi.

Barabarani tulisimamishwa na askari mara kadhaa. Kijijini kulikuwa kimya. Mahali pa kufulia palikuwa na wanawake wawili tu, nao walikuwa wakifua haraka haraka bila kuimba. Shangazi aliwasalimu, akauliza za kwao, akagawa mahamri. Mmoja alisema waume wamehamia vichakani kwa kuogopa misako, na kwamba duka la yule Mkikuyu aliyekuwa akiwakopesha unga limechomwa na watu wasiojulikana, na sasa wote wawili, mwenye duka na wao, wana njaa. Alisema hivyo na kuendelea kusugua kola ya shati. Shangazi akamwachia kikapu.

Sasa kusugua jiwe la mtoni kunataka watu wawili, mmoja wa mswaki na mmoja wa chupa, na Twalib alikuwa amebaki na gari. Nilimtazama Shangazi. Akatazama maji. Akavua viatu, akavipachika kwenye tawi, akaliinua buibui hadi magotini, akaingia huku akisoma Ayatul Kursiy. Msituni alikwenda vizuri. Tuliporudi pale palipo wazi akakanyaga jiwe lenye nywele za kijani, na mguu ukamkimbia. Aliketi majini kwa kishindo, maji yakamfika kifuani, buibui likavimba pande zote kama mwavuli, na chupa ameinyanyua juu, haikumwagika. Wale wanawake wawili wakaangua kicheko, cha kwanza tangu tufike. Naye akacheka, akiwa amekaa pale pale. “Mwambie Ndinda,” akasema, “ukoga wake nimeuona kwa makalio.”

Ndinda hakuondoka. Hakuna aliyemwomba abaki. Tuliporudi na chupa zimejaa alizipokea mlangoni, akazipandisha juu, akafungua sanduku akazirudisha nguo zake kwenye kamba ya chumbani. Mwezi wa tisa pia tulikwenda mimi na Shangazi. Mwezi wa kumi mvua zikaanza.

Watu wa umri wangu wakisema “wakati wa El Nino” huwa wanamaanisha zile mvua. Kwenye kisiwa zilitupa kipindupindu na kuta zilizoporomoka. Huko ng’ambo zilikata madaraja. Hapakuwa na mtu wa kufika Kwale, na hata angefika, kijito kilikuwa kimekuwa mto wa matope unaobiringisha mawe. Mwezi ukapita bila sampuli, na mwingine, na mwingine. Chupa za dirishani zilipauka kwa kukosa jua. Profesa alipiga simu, Ndinda akaipokea dukani kwa Bwana Abubakar kwa sababu sisi hatukuwa na simu. Aliporudi alisema ameambiwa achague, aanze upya au atafute kazi nyingine ya kuandika. Alikula wali wake wote siku ile, akaosha sahani, akalala jioni kukiwa bado na mwanga.

Mvua zilipoachia, mwezi wa pili, aliniambia anataka akakione kijito kwa macho yake kabla hajachagua. Hakuwa amevuka tangu mwezi wa nane. Kwenye feri alinishika kiganja. Watu walikuwa na mambo yao: kuku, baiskeli, magunia ya makaa. Hakuna aliyemtazama. Nadhani hilo nalo lilimtisha, kwamba imewezekana dunia irudi ikawa ya kawaida kiasi kile.

Mawe yetu hayakuwapo. Yale yaliyobaki yalikuwa meupe, yamesuguliwa na mafuriko kuliko tulivyowahi kuyasugua sisi. Tulipanda kufuata maji, tukaingia msituni, na hapo tukasimama. Mti mmoja mkubwa ulikuwa umeng’oka na mizizi yake, ukaanguka na kuvuta mingine miwili, na juu ya kijito, katikati ya kivuli, pakafunguka tundu la anga. Jua lilimwagika moja kwa moja majini. Ilikuwa juu sana ya mahali pa kufulia; sabuni haikupata kufika pale tangu kuumbwa kwa kijito. Ndinda alinitazama, nami nikamtazama. Alitia alama ya rangi mawe matatu ya pale penye jua, na matatu ya kivulini hatua chache juu yake, na matatu ya pale wanawake wanapofulia, na tukaondoka.

Tulirudi mwezi wa tatu. Mawe ya kivulini yalikuwa na ngozi yao ya kahawia. Ya kufulia yalikuwa na kijani kipya, kifupi. Na pale chini ya tundu, msituni, ambapo hatukuwahi kuona hata uzi mmoja, mawe yalikuwa yameota manyoya ya kijani, mabichi, yanayumba na maji. Ndinda alipiga ukelele, akaruka kuyafikia, akateleza, akaingia majini mzima mzima na mswaki mkononi. Alikaa humo akicheka na kulia, sikujua kipi kilianza. Sabuni nayo ilikuwa na kazi yake, tuliliona hilo baadaye chini ya hadubini, maana pale pa kufulia ziliota aina ambazo hazikuwapo kwingine. Lakini mlango ulifunguliwa na jua. Hiyo ndiyo kazi aliyoiandika, kazi yenye pengo la miezi katikati, na Profesa akaipitisha. Mimi iliniingiza kwenye maabara ya maji, na nafanya kazi humo hadi leo.

Jioni ile tulirudi kwa miguu hadi barabarani, Ndinda amejifunga leso za kuazimwa kutoka kwa wale wanawake, nguo zake mbichi ndani ya mfuko. Kwenye feri tulisimama kando ya reli. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya vito iliyotariziwa kwa mkono, ameshika fimbo, alikuwa akimtazama, na kwa kuwa nimezaliwa mji huu nilijua swali kabla halijatoka. Katika miezi ya fujo watu walikuwa wameulizwa swali hilo, na jibu lao lilikuwa limewaua.

“Binti,” mzee akasema, “wewe kwenu wapi?”

Nilifungua mdomo nijibu. Ndinda akanitangulia, wala hakunitazama.

“Kibokoni.”

“Kibokoni kwa nani?”

“Kwa Bi Zuhura.”

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekumbuka njia. “Aa. Basi nisalimie Bi Zuhura,” akasema, akageuka kutazama maji.